Wazima wa Jumamosi

Kazi yangu katika ule mradi ilikuwa kukaa nyuma ya pazia nisimwone mtu. Upande wa pili watu walichomwa kidole, tone la damu likadondoshwa kwenye kibao cha plastiki kilichoenea kiganjani, likafuatiwa na matone ya dawa, kisha kibao kikapitishwa chini ya pazia juu ya sinia kikiwa na namba tu. Mimi naangalia kidirisha chake. Mstari mmoja: hana ugonjwa. Mistari miwili: anao. Hakuna mstari: kibao kibovu, tupa. Naandika nilichoona, nafunika, nasukuma sinia kwa mwenzangu, naye anasoma upya bila kujua nimeandika nini. Hatukuruhusiwa hata kuguna.

Ugonjwa wenyewe ni ukoma. Wengi hudhani ulizikwa na mababu zao. Haukuzikwa. Unaingia mwilini kimya kimya, unakaa hata miaka bila kubisha hodi, kisha unaanza na baka lililopauka ambalo haliwashi wala haliumi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwamba hauumi. Unaua mishipa ya fahamu. Kwanza mkono unapoteza hisia, halafu unapoteza nguvu, halafu vidole vinajikunja vyenyewe na havinyooki tena. Dawa zipo na zinaponya. Ila dawa inaua vijidudu, haimrudishii mtu mkono aliokwisha kuupoteza.

Daktari wetu aliutambua kwa macho, vidole na kipande cha pamba. Anatafuta baka, analigusa kwa pamba, na mgonjwa asiposikia pamba, jibu limepatikana. Lakini madaktari wa namna yake ni wachache na wengine wanakaribia kustaafu. Ndiyo maana kikaletwa kipimo hiki cha haraka ambacho hata muuguzi wa zahanati ya mbali angekitumia, na sisi tukawekwa pale kujua kama kinasema kweli au kinabahatisha.

Ili kujua hilo unahitaji makundi mawili: wagonjwa ambao daktari amekwisha kuwathibitisha, na watu wasio na ugonjwa, ambao sisi kwa mkato tuliwaita wazima. Kipimo kizuri kiwape wale mistari miwili na hawa mmoja. Kikiwachanganya, kinarudishwa kilikotoka.

Wagonjwa walipatikana. Wazima ndio waliotutoa jasho. Nani atakuja kwa hiari yake kwenye kituo cha ukoma, akae benchi moja na watu ambao majirani hata kikombe hawawagawii? Tulibandika matangazo, tukabembeleza, tukapata wachache wa mitaani. Wengine walifika hadi getini, wakasoma bango la kituo, wakakumbuka wameacha sufuria jikoni. Muda ukatubana. Mkuu wa mradi, mwanamke mwenye sauti laini na macho ya afisa forodha, akatuita akasema basi tulete watu wa nyumbani kwetu. Waje Jumamosi, siku ambayo wagonjwa hawapo, wawe na amani.

Tukaleta. Dereva alileta mkewe na mama mkwe wake. Mwenzangu wa kusoma vibao, kijana tuliyemwita Miwani, alileta wadogo zake. Mfagizi alimleta mumewe, ambaye alikuja na harufu ya pombe ya jana yake na kutaka kujua kama damu yake itarudishwa wakimaliza kuichungulia. Mimi nilimleta binti yangu mkubwa. Ni msusi, anasukia saluni moja nyuma ya soko, na sisemi kwa sababu nimemzaa: vidole vyake vilikuwa vinajulikana. Wanawake walikuwa tayari kusubiri asubuhi nzima wasukwe na yeye huku viti vya wenzake vikiwa vitupu. Alikuja na gauni jipya kama mtu aliyeitwa kupigwa picha. Ilikuwa siku ya vicheko kituo kizima.

Utaratibu ulisema kila mzima akaguliwe kwanza na daktari, ngozi yote, kuanzia masikio hadi nyayo, ndipo aitwe mzima. Kwa watu wa mitaani Daktari alifanya hivyo bila huruma; alikuwa na kanga safi ya kuwafunika na alikuwa hamwachi mtu mpaka ameona mgongo wake. Jumamosi ile yalimshinda. Angemwambiaje mama mkwe wa Dereva avue? Angemwambiaje binti yangu, aliyekuwa akimpa shikamoo tangu anavaa sare za shule ya msingi, afungue zipu ageuke? Dereva alimtania kwamba huyu ni mama, haangaliwi kama gari la kuuzwa. Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, akawapa mikono, akawatazama nyuso na viganja, akauliza kama wana tatizo lolote la ngozi. Hawana. Haya, mzima, mwingine aje. Nilikuwa koridoni na nikaona mlango unavyofunguka upesi upesi. Niliona ni ustaarabu. Kisha nikaenda nyuma ya pazia.

Vibao vya watu wetu vikaanza kuingia, namba tupu. Mstari mmoja, mstari mmoja, mstari mmoja. Halafu kikaja chenye miwili. Wa pili haukuwa ule mstari hafifu unaokufanya usogeze taa na kukunja uso. Ulikuwa umekolea kama umechorwa kwa wino. Baadaye kikaja kingine, na kingine. Niliandika, nikafunika, nikasukuma sinia. Nikasikia kalamu ya Miwani inasita, kisha inaandika. Hatukutazamana. Upande wa pili wa pazia walikuwa wanamcheka mume wa mfagizi, aliyefumba macho kabla sindano haijatoka kwenye pakiti.

Majibu ya utafiti hayasemwi mpaka kazi yote iishe. Mgonjwa anatibiwa kwa jicho la daktari, si kwa kibao ambacho bado chenyewe kiko mahakamani. Ni sheria nzuri, nami niliisaini. Nilijiambia kile kibao kilichokolea ni cha mume wa mfagizi, maana mtu yule alionekana kama mtu wa kuwa na kila kitu. Nikaendelea na kazi.

Mvua zikaja zikaondoka. Nyumbani binti yangu akaanza kunitia hasira. Akawa mtu wa kuangusha vikombe. Mwenye saluni akanipigia simu, kwa heshima lakini kwa mzunguko, akasema wateja wanarudi, nywele zimelegea upande mmoja, labda msichana ana mawazo, labda kuna kijana. Nilimtolea binti yangu uvivu jioni ile. Nikamwambia simu imemla akili, kazi ya mikono haitaki mtu aliye nusu nusu. Aliendelea kuchambua mchele, na nikaona anatumia vidole vitatu, kile kidogo na jirani yake vimekaa pembeni kama wageni. Nilidhani ni madaha.

Siku ya kikao cha matokeo tulikaa kwenye chumba cha mikutano ambacho feni yake inazunguka kwa kulalamika. Mkuu alikuwa na furaha ya kupimapima. Kwa wagonjwa, alisema, kipimo kimefanya vizuri kuliko walivyotarajia. Kwa wazima wa mitaani pia, safi. Kuna doa moja tu. Baadhi ya wazima wamepata mistari miwili, na wote hao ni wa Jumamosi ile.

Feni ikalalamika. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake wa Jumamosi, na nikaona kila mmoja anamtafuta mtu wake kichwani na kumficha.

Mkuu akatusaidia. Alisema watu hawa wamekaguliwa na daktari na wamethibitishwa wazima, kwa hiyo kosa si lao, ni la vibao. Inaelekea boksi la siku ile lilipata joto. Je, Dereva anakumbuka kama liliachwa kwenye gari?

Dereva ni mtu ambaye ukimsingizia hata mkwaruzo wa gari anakuwa mbogo. Siku hiyo alitazama meza, akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, inawezekana, jua lilikuwa kali, labda aliliacha. Miwani akaitikia kwa kichwa. Mfagizi, aliyekuwa anaweka chupa za maji mezani, akashusha pumzi. Chumba kizima kikalegea kama mkanda uliofunguliwa tundu moja. Nami nililegea, siwezi kusema uongo. Ilikuwa raha kuamini lile boksi.

Shida ni kwamba halikuwahi kufika kwenye gari.

"Boksi la Jumamosi nililitoa mimi kwenye friji ya hapa maabara," nikasema. "Halikutoka nje ya jengo hili."

Mkuu akaniambia kwa upole kwamba kumbukumbu huchanganyika. Nikamwambia yangu haijachanganyika. Nikamgeukia Daktari, ambaye tangu mwanzo alikuwa anazungusha kifuniko cha chupa yake ya maji bila kukifungua.

"Daktari, siku ile uliwavua nguo?"

Kifuniko kikasimama. "Mama Wembe," akasema, maana ndilo jina wanaloniita, "wale ni watu wetu."

"Ndiyo nakuuliza, uliwavua?"

Akarudi kukizungusha kifuniko. Dereva alinitazama kama mtu anayetaka nife hapo hapo, kisha akainuka akatoka, na tukasikia anawasha gari ambalo halikuwa na safari.

Mkuu alikuwa bado na sauti yake laini. Akasema majina hayawezi kufunguliwa mpaka kamati ikae, kamati haikai kesho, na mtu akiyafungua kabla ya hapo atakuwa ameua kazi ya mwaka mzima ya wenzake. Nikamwambia sihitaji jina la mtu. Nina mtoto nyumbani, na pamba nitanunua dukani.

Nilifika jua likiwa bado juu, na hilo ndilo nililolitaka, kwa sababu baka la ukoma linajificha kwenye taa za umeme. Binti yangu alikuwa amerudi mapema. Mwenye saluni amempumzisha kidogo, alisema, wateja wamepungua. Hakunitazama aliposema. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kitambaa. Nikakifungua. Ubavu wa kidole kidogo ulikuwa na lengelenge kubwa limejaa maji, limezungukwa na ngozi iliyoiva. Alikuwa anachovya ncha za rasta kwenye maji yaliyochemka ili zifunge, akasahau mkono humo. Ni mteja aliyepiga kelele, si yeye.

"Hata hakuumi, mama," akasema, kama mtu anayenipa habari njema.

Nilimwambia aje dirishani avue blauzi. Akauliza kama natafuta tatuu, akasema kama ni tatuu asingeichora mgongoni ambako yeye mwenyewe haioni. Nilicheka, kwa sababu ukiacha kucheka mbele ya mtoto ameshajua. Akageuka. Mgongo wa binti yangu nilikuwa sijauona tangu aanze kuoga mwenyewe akifunga mlango.

Yalikuwepo. Makubwa na madogo, rangi ya chai iliyozidi maziwa, yamesambaa kuanzia begani kushuka hadi kiunoni upande wa kulia, kingo zake zikipotea polepole kwenye ngozi yake nzuri. Nilizungusha pamba kati ya vidole ikawa ncha. Nikamwambia kila ninapomgusa aonyeshe kwa kidole chake mahali penyewe. Nikamgusa pasipo na baka, akaonyesha. Nikamgusa shingoni, akaonyesha. Nikaweka pamba katikati ya lile kubwa la begani, nikaisukuma mpaka ikapinda. Kidole chake kilibaki hewani, kinangoja.

Nikamwambia avae. Akauliza ni fangasi? Nikasema kesho twende kwa Daktari. Baba yake aliporudi nilimwambia jikoni, mlango umefungwa. Aliuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu dirishani: huu umetoka kwa nani? Katika nyumba hii, nani mwingine? Tukasikia wadogo zake wanagombania rimoti sebuleni. Aliinuka akaenda kuwatazama kutoka mlangoni, mmoja mmoja.

Asubuhi, kwenye benchi la kituo, tulimkuta Dereva. Alikuwa na mama mkwe wake, bibi mwenye adabu aliyejifunika mtandio hadi kwenye nyusi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Dereva alinisogezea nafasi. Alisema mama amekuwa anapoteza kandambili njiani, zinamtoka mguuni bila yeye kusikia, anatembea hatua kadhaa ndipo watu wanamwambia. Walikuwa wanamtania kwa hilo. Miwani alipita na sinia lake, akatuona, akageuka njia. Baadaye nilimwona uani, amesimama na simu sikioni, anamwambia mtu apande gari la kwanza aje, na awabebe wadogo zake wote.

Mkuu alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha Daktari. Alitukumbusha kwamba utafiti haujafungwa. Daktari alimwambia kwamba hawa si wa utafiti, hawa ni wagonjwa, na kwamba akitaka kuandika barua aiandike. Halafu akafunga mlango, akachukua kanga safi akampa binti yangu, na safari hii hakuacha mahali. Alitazama masikio. Alipapasa shingo. Aliukunja mkono wake akatafuta mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, na alipoupata nikaona uso wake. Aliniita niuguse. Ulikuwa umevimba, mnene kama kamba ya kuanikia nguo.

Alimweleza binti yangu kila kitu, waziwazi, kama mtu anayetaka kusikika vizuri baada ya kunyamaza mahali fulani. Akamwambia jina la ugonjwa. Akamwambia dawa atameza mwaka mzima, na tangu vidonge vya kwanza hatakuwa hatari kwa mtu. Mabaka yatafifia. Watu wote wa nyumbani watakuja kukaguliwa, na mama pia. Binti yangu alisikiliza huku ameishika kanga kifuani. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Nitasuka?"

Daktari akasema inategemea. Mshipa uliochoka kwa muda mfupi unaweza kurudi, kuna vidonge vya kuushusha uvimbe. Mshipa ukishakufa, umekufa. Ilianza lini, hii ya kuangusha vitu? Binti yangu akafikiri. Akasema Jumamosi ile alipokuja hapa alikuwa bado yuko sawa kabisa, asubuhi yake alikuwa amemsuka bi harusi. Vikombe vilianza baadaye, mvua zilipoanza. Daktari aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Basi tuone nguvu, akasema. Alichana kipande cha karatasi, akamwambia anyooshe vidole, akibane kati ya kidole kidogo na cha jirani, akibane kwa nguvu zake zote. Akavuta. Karatasi ikaja.

Binti yangu akalalamika kwamba hakuwa tayari. Akarudishiwa. Ikaja tena. Akasema Daktari anavuta kwa haraka, anashtukiza. Avute mama, taratibu. Daktari alinipa nafasi yake bila kubisha, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwetu.

Niliketi mbele ya mwanangu magoti yetu yakagusana. Nikauweka mkono wake wa kulia juu ya paja langu, nikapenyeza karatasi kati ya vile vidole viwili ambavyo mwaka jana vilikuwa vinagawa nywele laini kama utando bila kuzikata hata moja. Alifumba macho ili akusanye nguvu. Nikaona bega linapanda, taya linakaza, mishipa ya shingo inasimama. Nguvu yote ile ilikuwa inashuka kwenye mkono na kuishia kiwikoni. Vidole vilikaa vilivyokuwa.

Sikuvuta. Niliinua tu karatasi, kama unavyookota unywele kwenye unga, nikabaki nayo mkononi.

"Nimeshika, mama," akasema, macho bado kayafumba. "Vuta."